Wazigua wa mto Juba: wageni tuliowapokea au watu wetu waliorudi?

Kwenye basi la Korogwe kwenda Handeni niliwahi kukaa nyuma ya wazee wawili waliobishana juu ya mvua. Mmoja mzaliwa wa Handeni, mwenzake mzaliwa wa bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia. Walisema Kizigua. Cha mzee wa Juba kilikuwa na maneno ya Kisomali ndani yake, na mara mojamoja mwenzake alimkatisha kuuliza maana, kisha mvua ikaendelea kugombewa. Hawakuhitaji Kiswahili hadi tulipoteremka.

Nawakumbuka kila unapozuka ubishi juu ya makazi ya Chogo, wilayani Handeni. Huko wamekaa watu wapatao 3,000 waliokimbia vita vya Somalia vya 1991, na Tanzania ikawafungulia mlango wa uraia. Wapo wanaoona tulikosea. Wale ni wakimbizi kama wengine, wanasema, na habari za babu wa babu aliyetoka Uzigua, nchi ya Wazigua huku Handeni, haziwezi kugeuka hati ya uraia.

Hoja yao ina uzito. Taifa hili lilijengwa kwa kukataa kuulizana kabila mlangoni. Ukimkaribisha mtu kwa kuwa ni Mzigua, utamjibu nini Mmakonde wa Msumbiji au Mmasai wa Kajiado? Tena nasaba hudaiwa kirahisi. Marekani ilipokubali kuwachukua Wabantu wa Somalia, kundi wanamohesabiwa na Wazigua wa Juba, wapatao 12,000 kutoka kambi za Dadaab nchini Kenya, ilibidi majina yahakikiwe upya, maana penye mlango wa kutokea kambini kila mtu hutafuta ukoo unaoufungua. Mwenye kuyaogopa hayo simwiti mbaguzi.

Lakini wengi wanaoisema hoja hiyo huanza kuhesabu 1991, na hapo ndipo tunapoachana.

Katika karne ya 19 njaa kali iliipiga Uzigua. Masimulizi ya wenyewe yanasema watu waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda vyombo, wakashushwa pwani ya Benadir huko Somalia, kwenye miji ya Barawa na Marka, wakiwa bidhaa. Wakalimishwa mashamba ya mto Shabelle. Waliotoroka walielekea kusini, na masimulizi yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza kwa nia ya kuwafikisha kwao. Safari ikaishia kwenye misitu ya Juba, inayoitwa Gosha, wakafyeka na kulima. Walikuwa njiani kurudi, wakakwama. Waitaliano walikuja wakapiga marufuku utumwa kwenye karatasi, na katika miaka ya 1930 wakawatoa watu wale wale kwa nguvu kwenda kulima pamba na migomba ya walowezi. Uhuru wa Somalia nao haukuwaondolea jina la "jareer", wenye nywele ngumu. Hata mwaka 2000, Wasomali walipokubaliana kugawana viti kwa koo, koo kubwa nne zilipata fungu moja moja, na wao wakakusanywa pamoja na makundi mengine madogo katika fungu la nusu. Mfumo huo huitwa nne na nusu.

Nairudia ile nusu kwa sababu inajibu swali la kwa nini hawakuwa Wasomali tu baada ya karne nzima na zaidi. Walizaliwa huko, wengi waliswali misikiti ile ile na majirani zao, na bado walihesabiwa nusu. Mtu asiyekubaliwa anakoishi hushika anachokumbuka. Kizigua kilidumu Juba kwa sababu ndicho kitu ambacho hakuna aliyekuja kukichukua.

Kwa hiyo, panapoulizwa ushahidi, mimi nataja lugha. Hati hughushiwa, jina hukodiwa, shahidi hulipwa, lakini Kizigua cha bibi wa miaka 70 aliyezaliwa karibu na Jilib, mji wa bonde la Juba, hakifundishwi usiku wa kuamkia usaili.

Hapa lakini pana jambo linaloniuma, na wapinzani wa Chogo hawajalitaja. Gosha ilikuwa pia na Wayao, Wamakua na Wanyasa. Wengi wa wajukuu wao leo husema Kisomali tu. Nikisema lugha ndiyo ufunguo, namfungia nje yule aliyenyang'anywa zaidi. Sina jibu safi kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kushindwa kuwatendea haki wote hakukuwa sababu ya kuwanyima waliokuwa mbele yetu.

Na ile hofu ya kabila? Sheria haikumpa mtu uraia kwa Uzigua wake. Walipitia tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, njia ile ile waliyopitia wakimbizi wa Burundi wa 1972, zaidi ya 160,000, waliotangaziwa uraia mwaka 2014. Hakuna nasaba iliyodaiwa kwa Warundi wale, na hakuna taifa lililovunjika. Kama kuna kosa katika jambo la Chogo, naliona upande wa pili: tulibana mno. Tajnisi humpokea mgeni. Haisemi popote kwamba huyu babu yake aliuzwa, na kwamba wafanyabiashara wa pwani yetu wenyewe walikuwa na mkono. Ghana, kwa sheria yake ya mwaka 2000, iliwapa haki ya kuishi nchini watu wenye asili ya Afrika walioko ng'ambo. Benin mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliosafirishwa utumwani, na sababu ikatajwa humo. Sisi tulitoa kilicho sawa na hicho, tukanyamaza juu ya sababu.

Ukimya huo una gharama, kwa kuwa jambo lenyewe halijaisha. Wale waliokwenda Marekani wana watoto Lewiston, jimbo la Maine, na katika miji mingine. Nchini tunazungumzia hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na picha iliyo kichwani ni ya aliyeondoka Dar es Salaam kwa ndege kwenda kusoma. Siku kijana wa Lewiston atakapojaza fomu hiyo, mzaliwa wa Marekani, wazazi wazaliwa wa Somalia, na Kizigua mdomoni, ofisa atakayeipokea ataandika asili gani?