Na mguu usioumia upigwe picha?

Jirani yangu wa Mbagala alinirushia picha ya eksirei kwa WhatsApp. Mwanawe wa miaka 12 alikuwa ameumia mguu mpirani. "Kaka, wanasema kavunjika, afungwe hogo."

Ubavuni mwa mguu, kwenye kitako cha mfupa unaokwenda kidole kidogo, palikuwa na kipande chembamba kama ukucha, na mstari mweusi umekitenga. Mstari ule ulifuata urefu wa mfupa. Ufa wa kuvunjika mahali pale kwa kawaida huukata mfupa kwa upana. Nikamwambia arudi, amwombe daktari abonyeze palepale. Mtoto hata hakushtuka. Kilichouma ni kifundo. Kile kipande ni mfupa unaokua, hujitokeza kati ya miaka 9 na 14 hivi, kisha hushikamana na mwenzake.

"Sasa si wangepiga na mguu wa pili wakalinganisha?" aliniuliza. Na madaktari wengine husema hivyohivyo.

Hoja hiyo ina uzito, hasa kwenye kiwiko. Kiwiko cha mtoto mchanga ni gegedu, yaani mfupa laini usiokomaa, na eksirei haionyeshi gegedu. Viini vyake sita, yaani sehemu ambapo gegedu huanza kugeuka mfupa, hujitokeza kimoja kimoja, kuanzia mwaka 1 hadi 11 au 12. Daktari kijana aliye peke yake zamu ya usiku akiona vipande vinavyoelea, mkono wa pili unaweza kumwondolea hofu.

Ila pande mbili hazikui sawasawa kila mara. Kiini kinaweza kutangulia kushoto, kulia bado, na ulinganisho ukazaa kosa jipya. Miale ya picha ya mkono ni kidogo mno, hiyo si ya kumtisha mzazi. Pesa ya picha ya pili ndiyo inayomuuma anayelipa taslimu.

Zaidi ya yote, mfuatano wa viini hufundisha peke yake. Kiini cha nundu ya ndani ya kiwiko hutokea karibu na miaka 5, kabla ya kile cha trokilea, sehemu ya ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu. Ukiiona trokilea na nundu haipo mahali pake, itafute ndani ya kiungo: huenda imeng'oka ikanasa humo. Karatasi ya mfuatano huo ingebandikwa ukutani kila chumba cha dharura, ningefurahi sana.

Kwangu mimi, kidole cha daktari kinachobonyeza kitangulie, mfuatano ufuate, na shaka ikigoma kuisha, mkono wa pili upigwe picha. Au mtoto afungwe kibao, arudi baada ya siku 10 hadi 14. Aliyevunjika mara nyingi huwa ameshaanza kuota mfupa mpya, nao huonekana.