Adresi ya waleti usikopi kwenye historia

Kila anayefundisha kripto mtandaoni lazima aseme: kabla ya kutuma angalia herufi nne za mwanzo na nne za mwisho za adresi ya waleti (namba ya kupokelea kwenye app ya kutunzia kripto), zikifanana tuma. Mi naona ushauri huu umeshapitwa na wakati na ndo unaowaliza watu siku hizi.

Sisi tumezoea M-Pesa bwana. Unaingiza namba, jina linatokea, ukiona siye unaghairi. Kwenye kripto hakuna jina, ni herufi na namba tupu, na kila netiweki (mtandao wa kripto) ina sura yake, za Ethereum zinaanza na 0x halafu zinafuata 40, za Tron zinaanza na T na zipo 34, za bitcoin ndo zina sura nyingi, kuna za 1, za 3 na za bc1. Muamala ukishathibitishwa umeenda, hakuna huduma kwa wateja wa kumlilia.

Sasa wezi wanafanyaje. Miamala yote iko hadharani, kwa hiyo wana programu zinazovizia tu, ukituma hela kwa fulani wao wanazalisha adresi mpaka wapate inayofanana na ya fulani mwanzo na mwisho, halafu wanakutumia kisenti au hata sifuri ili adresi yao ikae juu kwenye historia yako. Na waleti nyingi katikati zinaweka nukta tu, we utajuaje?

Mei 2024 kuna mtu alipigwa hivyo WBTC 1,155 (bitcoin ya kwenye Ethereum), kama dola milioni 68. Adresi ya kweli na ya mwizi zote zilianza 0xd9A1 zikaishia 853a91. Na wala hakuwa mzembe, alitanguliza ETH (sarafu ya Ethereum) 0.05 ya kujaribia na ikafika salama, mwizi akapenyeza yake hapo hapo, jamaa aliporudi kutuma mzigo wenyewe akakopi ya mwizi. Baada ya kubembelezana sana mwizi alirudisha, ila we na USDT (kripto inayofuata dola) zako 200 nani atakubembelezea?

Kwa hiyo kutuma kidogo kwanza ni sawa, fanya, lakini hakukusaidii kitu kama mara ya pili unaichota adresi sehemu nyingine. Mi za watu ninaowatumia mara kwa mara nimezihifadhi kwa majina ndani ya app, mgeni namwambia anitumie upya au niskani QR yake, na nikishapesti nasoma na katikati, herufi kama sita hivi, maana kuna virusi vya simu na kompyuta vinabadilisha ulichokopi kabla hujapesti. Inachosha, najua.

Na ukiomba adresi omba na netiweki. 0x ya Ethereum na ya netiweki ya BNB zinafanana kabisa, ukituma kwa netiweki ambayo akaunti ya mwenzio kule Binance au soko jingine la kripto haipokei, mtaanza kuandikiana na sapoti na hela inaweza isirudi.

Adresi yenyewe kumpa mtu haina shida, hawezi kuiba kwa hiyo, ingawa ataona salio lako na kila ulichowahi kutuma, mi ndo maana ya kupokelea wateja nimeitenga na ya akiba. Yale maneno 12 au 24 ya siri ya kufungulia waleti ndo habari nyingine. Anayekuomba hayo, hata ajiite sapoti wa nini sijui, blok.