Nimefungwa

Pesa ya korosho iliingia, na mke wangu alikuwa ameshapima paa kwa ajili ya bati. Mimi nikaenda Mikindani kuangalia gari.

Mtu akikwambia, "Njomba, nina Datsun 160J iliyokimbia Safari," na wewe ulikulia chini ya redio ya mbao ya baba, ukisikiliza mbio za magari za Safari Rally, utafanyaje? Dereva Shekhar Mehta alichukua Safari mara 5, na mara 4 kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun za ukoo huo huo. Wafaransa na mbio zao za Le Mans wanakesha saa 24 tu, tena kwenye lami. Safari ilikuwa siku na siku za tope na mawe.

Mwenye gari akafungua buti. "Ushahidi huu hapa. Tope la Taita, kule Kenya, sijaliosha mpaka leo."

Nikachukua bonge, nikalifikicha. Ndani mna ganda la korosho. Nikanyamaza, maana namba 1 iliyopakwa mlangoni ilishanivuruga akili.

Akaniweka kiti cha msoma ramani. Mikanda minne, miwili mabegani, miwili kiunoni, yote inakutana kitovuni kwenye kufuli moja la duara. Akavuta mpaka ugali wa mchana ukashtuka.

Tukapanda kilima kwa mngurumo wa kutimua kuku. Katikati, gari likakohoa, likazima. "Mafuta hayo," akasema, akabeba kidumu, akadandia bodaboda, huyooo.

Gari nalo likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono. Ikaja yote, nyepesi kama kijiko kwenye uji. Nikabonyeza kufuli la mkanda. Wapi! Chumvi ya bahari ilishalimaliza. Watoto wanakimbia pembeni wakishangilia, mama muuza pweza akainua karai lake bila haraka, akatupisha. Mnazi ndio uliotupokea.

Mama akachungulia dirishani. "Mbona hushuki?"

"Nimefungwa."

"Kwa kosa gani?"

Alinikatia mkanda kwa kisu cha pweza, huku akicheka mpaka kisu kinatetemeka, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

Mwenye gari akarudi na kidumu, akaona mkanda, akashika kichwa. "Njomba, umeniua! Gari zima hili, kitu kilichotoka Safari kweli ni huo mkanda!"

Nikaulipia 40,000. Nimeingia nyumbani nimeuning'iniza begani, unanuka pweza, na mke wangu yuko mlangoni na futi yake mkononi.