Joka Wangu Hana Haja ya Kuruka

Wiki iliyopita mchezaji mwenzangu wa Flight Rising, mchezo wa mtandaoni wa kufuga majoka, aliniandikia kuhusu Simba, joka wangu wa kahawia niliyemlea kwa heshima ya dereva bingwa wa mbio za magari. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba nimekosea. Joka wa dereva bingwa, akasema, anatakiwa awe wa aina ya Spiral: mwembamba, mwepesi, asiyetulia mahali pamoja, tena mwekundu wa kuwaka. Mimi nimemfanya Snapper, mzito kama jiwe la kusagia, mwenye vibawa visivyoweza kumwinua hata shibiri moja. "Huyu hafanani na bingwa wa mbio," akamalizia. Maneno hayo yamenikereketa tangu siku ile.

Bingwa mwenyewe ni Joginder Singh. Ndiye aliyeitwa Simba wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, mshindi wa Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976.

Ninajua wengi wakimtengeneza joka wa dereva huchukua rangi za gari au za kofia, basi, kazi imekwisha. Nyekundu ya Schumacher, njano ya Senna. Haya, baadhi yao wanapendeza, siwezi kukataa. Lakini rangi ni nguo tu. Mimi nikimlea joka kwa jina la mtu, nikakaa siku tano nikiliatamia yai lake, kila siku nikirudi kuligusa lisije likakaa tu, nataka awe na kile kilichomfanya mtu yule awe bingwa. Na Joginder hakuwa bingwa kwa kupaa.

Safari ya enzi zile ilikuwa Pasaka, mvua za masika zimefungua kinywa. Karibu kilomita 5,000 za vumbi na matope, kuna miaka ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Mwaka 1968, 7 tena. Saba tu! Yaliyobaki yalizama, yalivunjika ekseli, yalisombwa na maji. Kasi ilikuwapo ya kutosha. Walioikosa subira ndio walioachwa mtaroni. Joginder aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Hiyo 19 naipenda kuliko vikombe vyake vyote vitatu. Mtu hamalizi mara 19 kwa bahati. Anamaliza kwa sababu ni fundi, amekulia gereji ya baba yake, na sikio lake linasikia gari linapoanza kuugua kabla halijazimika. Ile Volvo PV544 aliyoshinda nayo mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, ilikuwa mtumba, gari lililokwisha kuteswa kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Akalichukua, akalitengeneza, akawashinda wenye magari mapya.

Sasa niambie, huyo ni Spiral?

Snapper hawaruki. Husafiri kwa miguu, kwa misafara, nchi baada ya nchi, na wanafika. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimwona Joginder pale pale, sikuhitaji kufikiri mara mbili. Rangi nilizompa ni za udongo, kahawia mgongoni na nyekundu iliyofifia tumboni, na hizo sikuzitoa kwenye gari lolote. Nilizitoa kwenye shati la baba yangu.

Baba alikuwa mtoto wa shule miaka ya sabini. Walisimama ukingoni mwa barabara tangu alfajiri, miguu imelowa, wakisubiri magari ya Safari. Likaja moja limejaa matope hata namba haisomeki, likapita kwenye dimbwi, na matope yote yakamrukia yeye, kuanzia kola hadi kaptula. Watoto wakaapa kwamba ni la Joginder. Hakuna aliyejua kwa hakika, na mpaka leo baba hakubali kuulizwa swali hilo. Alipofika nyumbani alilivua shati akalificha chini ya godoro ili lisifuliwe. Bibi akalipata siku ya pili, akalifua kwa jiwe na sabuni ya mche, na baba akalia kama aliyefiwa. Doa moja lilibaki chini ya kwapa, kahawia yenye wekundu kwa mbali. Anasema lilidumu mpaka shati likamkataa mwilini.

Nilipomwonyesha joka kwenye simu nilidhani atacheka. Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto, hao siwajibu. Baba alivaa miwani, akamtazama Simba muda mrefu, akasoma wasifu niliouandika: vikombe, miaka, kifo chake London mwaka 2013. Kisha akanirudishia simu. "Mama, hujaandika kwamba alikuwa fundi. Anza na hilo."

Nikaanza na hilo. Sentensi ya kwanza ya wasifu wa Simba sasa inahusu gereji.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, nakushukuru kwa kumtazama joka wangu, wengi hupita tu. Ila simbadilishi. Uliniambia pia nikichoka naye nimtoe akatumikie miungu, nipate hazina kidogo. Kule hakuna kurudi, nawe unajua. Simba haendi.

Kwenye kiota chake sasa kuna mayai mawili. Moja likitoka, liwe la rangi yoyote ile, litaitwa Jaswant. Nimeshayagusa leo. Imebaki siku moja.