Ripoti ya Westgate iko wapi?

Machi 2023, tukiwa kwenye mapumziko ya chai kazini hapa Manchester, mwenzangu alikuwa na gazeti mkononi. Juzuu ya tatu na ya mwisho ya uchunguzi wa bomu la ukumbi wa Manchester Arena, lililoua watu 22 Mei 2017, ilikuwa imetoka. Kwa kuwa anajua natoka Kenya, akaniuliza, "Na nyinyi, ripoti ya lile duka kubwa ilisema nini?" Nikaendelea kukoroga chai, na sukari ilishayeyuka zamani.

Msinielewe vibaya, sisemi Uingereza ni pepo. Hapa kuna mpango uitwao Prevent, unaomtaka mwalimu wa shule aripoti mtoto akimwona ana dalili za siasa kali, na wazazi Waislamu niwajuao huwaonya watoto wao wachunge ndimi darasani. Serikali nayo ilizembea vibaya usiku ule wa bomu. Zimamoto walifika ukumbini baada ya zaidi ya saa mbili. Shirika la kijasusi, MI5, lilipoteza nafasi ambayo huenda ingezuia shambulio.

Lakini nimeyajuaje hayo? Jaji mstaafu, Sir John Saunders, aliwaita wahusika mmoja mmoja, wazazi wa marehemu wakiwa wamekaa palepale wakisikiliza, kisha akaandika. Mkuu wa MI5 akajitokeza kuomba radhi.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2013 magaidi walivamia Westgate, duka kubwa la Nairobi, likazingirwa siku nne, watu 67 wakauawa. Kamera za dukani zikawaonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya plastiki. Tukaambiwa ni maji ya kunywa. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Hiyo tume mpaka leo hatujaiona. Aprili 2015 magaidi wakaja Garissa, chuo kikuu, alfajiri, wakaua watu 148. Kikosi cha Recce, kile maalumu cha polisi, kilitoka Nairobi kikafika mchana, na baadhi ya waandishi wa habari waliokwenda kwa barabara walikuwa wameshatangulia. Hoteli ya Dusit jijini Nairobi iliposhambuliwa, 2019, vikosi vilifika upesi zaidi, nakiri. Ila kipi hasa kilichobadilishwa baada ya Garissa, na nani aliyeulizwa, mzazi aliyemzika mwanawe hajaelezwa.

Jibu la serikali tuliloliona kwa macho lilikuwa msako. Aprili 2014 nilikuwa nimepanga chumba Islii, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, kwa binamu yangu, operesheni ya Usalama Watch ilipoanza. Maelfu walikamatwa, wengi Wasomali, wakarundikwa uwanja wa Kasarani. Mlango wetu uligongwa saa nane usiku. Kitambulisho changu ni cha Mombasa, halali, lakini askari alikigeuzageuza kama noti anayoishuku. "Hiki kina kasoro." Kasoro ikatoka kwa elfu mbili. Jirani hakuwa nazo, akapandishwa lori. Nijuavyo mimi, gaidi mwenye elfu mbili angelala usingizi wake usiku ule.

Na wananchi? Hapo sioni haya hata kidogo. Baada ya Westgate foleni za kutoa damu zilikuwa ndefu ajabu. Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi karibu na Mandera wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakawavisha hijabu wenzao, wakakataa kutengana. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa ajili hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Mtu kama huyo amefanya kazi ya ulinzi ambayo hakuna aliyemlipa kuifanya, huku aliyelipwa yuko Islii anahesabu noti.

Mwenzangu kazini nilimjibu mwishowe kwamba ripoti bado. Alidhani nina maana inachapishwa.

Binamu yangu yuko bado Islii. Mwezi uliopita tulipoongea kwa simu nilimuuliza kama hali imetulia. Akasema imetulia, kisha akacheka: kitambulisho bado analala nacho chini ya mto, pamoja na elfu mbili.