Aliyebusu ni Jon, si Clark

Ile picha ya kijana mwenye S kifuani akibusiana na kijana mwenzake mwenye miwani na nywele za pinki bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Arusha. Kila ikitua, maneno ni yaleyale: "Wameshamharibu Superman." Wengi wanamjua Superman wa vibanda umiza vya Ngarenaro, si wa vitabu vya katuni. Siwalaumu, vitabu vyenyewe huku ni vya kutafuta kwa tochi. Ila Superman wao hajaguswa.

Clark Kent, aliyeanza kuchapishwa 1938, bado ni mume wa mwanahabari Lois Lane. Wa kwenye picha ni mtoto wao, Jon. Mwaka 2021 DC, wachapishaji wa Superman, walimpeleka Clark mbali na dunia, Warworld, na mwana akaachiwa jina na kazi. Oktoba 11 mwaka huo wakatangaza kwamba Jon anavutiwa na wanaume na wanawake pia, na Novemba likatoka toleo la 5 la mfululizo wake, lenye busu. Magazeti yakaandika "Superman", na kwa mujibu wa kitabu hayakudanganya. Aliyeishia kwenye kichwa cha habari ndiye aliyemwona baba.

Ukitaka kubishana, anza na toleo la 1. Jay Nakamura, yule wa nywele za pinki, ni mkimbizi na mwanahabari. Kwenye toleo la 5 nguvu za Jon zinazidi kipimo: anasikia kila kilio cha dunia, anakimbilia vyote bila kulala, mpaka anaanguka. Jay ndiye anayemuuguza. Kijana wa ukoo wa Kent kumpenda mwanahabari, hapo kipi kigeni?

Kinachoniudhi mimi ni umri. Jon aliingia vitabuni 2015, na alipokuwa na miaka 10 hivi, utundu wake na Damian, mtoto wa Batman, ulikuwa burudani tupu. Kisha mwandishi mpya akampeleka anga za mbali na babu yake. Kwa wazazi zikapita wiki chache, kwake miaka 7. Akarudi ana 17. Miaka ambayo tungemwona akibalehe, akipenda, akikosea, haikuandikwa. Ndiyo maana habari yake ilitua kama ya mtoto wa jirani aliyehama zamani. Aliyeharibu ni yule aliyeruka miaka.

Tim Drake, Robin (msaidizi wa Batman) wa tangu 1989, ni kesi ngumu zaidi, maana ana historia ndefu ya mapenzi na msichana Stephanie Brown. Agosti 2021 rafiki yake Bernard alimwomba watoke pamoja, akakubali. Basi, hata busu halikuwepo. Mashabiki wakalia kwamba Stephanie amefutwa. Amefutwaje? Anayevutiwa na jinsia zote mbili hana haja ya kukana penzi la zamani. Kurasa zake zote zinabaki halali. Linganisha na Iceman, shujaa wa Marvel, wapinzani wa DC, wa tangu 1963: 2015 walipomfanya shoga, wasichana wake wote wa nyuma walihitaji maelezo.

Anayekataa kwa sababu ya dini yake aseme hivyo, anaeleweka. Asijifiche nyuma ya "wameharibu hadithi" ambayo hajaifungua.

Mfululizo wa Jon ulikoma toleo la 18, Desemba 2022, watu wakashangilia. Machi 2023 akarudi na mwingine wa matoleo 6, na Jay yumo.