Springi ya Landi imeenda kwa Mama Kevo

Mzee wangu ana Land Rover Series III, imebeba mahindi na viazi za Molo tangu tukiwa watoto, na stelingi ilikuwa imelegea mpaka unazungusha robo nzima ndio tairi ziskie zimeitwa. Ukimpata kwa barabara ya Kiamunyi anakata kushoto, kulia, kushoto, ungedhani anapiga makasia, na gari inaenda tu moja kwa moja.

Tukabadilisha boljointi zote 6 za rodi za stelingi, wapi, bado inacheza. Kumbe ni relei, ile chuma imesimama ndani ya chasisi hapo mbele ya rejeta, inachukua nguvu kutoka kwa stelingi boksi inapelekea rodi za tairi. Hiyo kitu ikishikana na kutu inakuwa mwenyeji. Tulimwaga dizeli, tukapiga nyundo, tukaweka jeki chini yake ikainua gari badala ya kutoa relei, na Mzee ako kwa kiti na chai yake anasema tu "vijana, msivunje."

Ikatoka. Sasa kuifungua. Ndani kuna springi imeminywa kabisa, kazi yake ni kusukuma bushi za Tufnol, kitu kama plastiki ngumu, zibane shafti, na mtu yeyote wa Landi atakwambia usiguse hiyo kitu kabla hujaifunga gunia. Mimi nilifunga, gunia la viazi, kamba juu. Lakini niko na shemeji, fundi wa kila kitu tangu siku alitengeneza blenda ya mama yake, akaniambia "Shem, sasa tutaonaje tunachofanya?" Akatoa gunia. Akagonga shafti.

Springi sikuiona. Niliskia twaa! alafu mabati ya jirani, alafu kuku, alafu kimya kidogo, alafu Mama Kevo mwenyewe. Shemeji bado ameinua nyundo, uso wote oili nyeusi, yaani ni macho tu na meno.

"Nani ananirushia mawe?"

"Si mawe mama, ni springi ya gari."

Akaenda, akarudi ameishika na kitambaa, akaiangalia juu chini. "Na vile imetoka mbio hivi, mlikuwa mnaifanyia nini?"

Hakuturudishia. Ilikaa juu ya kabati yake kando ya picha ya Kevo ya gradueshoni mpaka tukanunua bati ingine na misumari, na Shemeji ndiye alipanda kuezeka, mimi nilikuwa na kazi muhimu ya kushika ngazi.

Kuirudisha ndani ndio ilikuwa kesi, manake hizo bushi ni nusu nusu, ukibana springi huku zinachomoka kule, mpaka tukazishika na klipu za paipu ndio ukigonga zinateleza ndani na klipu zinabaki nje. Safari hii Shemeji alivaa helmeti ya boda bila kuambiwa.

Manze, stelingi ikawa tamu, unagusa na kidole tairi inatii. Mzee akachukua funguo, akatoka getini, na kwa ile kona ya kwanza akakata robo yake ya siku zote. Landi ikaingia kwa kayaba mpaka milango ikapotea, miba kila mahali. Tukakimbia. Akasukuma kioo pole pole, akatuangalia mmoja mmoja.

"Chenye mmetoa, rudisheni."